Tuzirudishie Sayari Majina Yake

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa gredi ya saba, alinijia na karatasi ya mtihani iliyojaa wino mwekundu. Alikuwa ameulizwa ataje sayari iliyo karibu zaidi na jua, naye akaandika "Utaridi". Mwalimu alimkosoa. Jibu lililotakiwa lilikuwa "Zebaki". Utaridi, alielezwa, ni Pluto. "Mjomba, nimekosea wapi?" aliniuliza kwa uchungu.

La hasha, hakukosea. Orodha aliyoifuata mwalimu imezagaa shuleni kwa miaka mingi, nami simlaumu aliyeirithi kutoka kwa mwalimu wake. Hata hivyo, kosa haligeuki kuwa sahihi kwa sababu limezeeka.

Kiswahili kilipokea majina ya sayari kutoka Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Yahesabu, msomaji. Ni matano, na idadi hiyo haikuja kwa bahati. Mbali na hii dunia yetu, sayari zinazoonekana waziwazi kwa macho matupu ni hizo tano tu. Uranus iligunduliwa na William Herschel kwa darubini mwaka wa 1781, Neptune mwaka wa 1846, na Pluto mwaka wa 1930. Isitoshe, wanafalaki waliokutana Prague mwaka wa 2006 waliitoa Pluto katika safu ya sayari kuu. Itakuwaje basi jina kongwe kama Utaridi liwe la kitu ambacho hakuna jicho lililokiona kabla ya mwaka wa 1930?

Vurugu haziishii hapo. Zohali, ambayo ni Saturn, hupachikwa Uranus. Saturn nayo huitwa Sarateni, na Neptune huitwa Kausi, ilhali hayo ni majina ya buruji, Kaa na Mshale, wala si ya sayari. Zebaki nayo ni madini ya majimaji yapatikanayo katika vipimajoto vya zamani. Kiingereza hutumia neno moja kwa madini hayo na kwa sayari. Yaelekea mtunzi wa orodha alitafsiri neno na kuisahau mbingu.

Mbingu ndiyo inayoweza kutuamua. Enyi walimu, watoeni wanafunzi nje magharibi inapoingia. Zuhura hung'aa kushinda nyota zote, jioni au alfajiri, lakini hapa kwetu haionekani kamwe usiku wa manane. Utaridi huonekana kwa majuma machache tu kila ijapo, chini kabisa karibu na upeo, na haipiti saa mbili hivi kabla ya kulifuata jua. Mirihi ina wekundu. Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 12 hivi, na Zohali kwa miaka zaidi ya 29, hata mtoto anayeiona leo kando ya nyota fulani atakuwa mtu mzima itakaporejea hapo. Pluto hamtaiona, hata mkikesha.

Tuwe wanyenyekevu, basi. Uranus, Neptune na Pluto ziachwe na majina yake ya kigeni, maana wazee wetu hawakuzijua. Zile tano tuzirudishie yaliyo yake. Mpwa wangu alipoteza alama moja. Lugha inayoyatupa majina yake hupoteza zaidi.