Projekta Ndiyo Hutangulia Kusema

Wengi wanaochomeka waya wa HDMI kati ya king'amuzi na projekta huamini kwamba picha hupita moja kwa moja, upande huu kwenda ule. Kabla ya picha huwa kuna mahojiano, na anayejieleza ni projekta.

Waya huo una pini 19. Kwa pini ya 18 king'amuzi hupeleka umeme mdogo wa volti 5. Kwa pini ya 19 projekta huitikia kwamba ipo. Hapo king'amuzi husoma, kupitia pini ya 15 na ya 16, maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya projekta: picha za ukubwa gani inazimudu, na kwa kasi gani. Maelezo hayo huitwa EDID, na sehemu yake ya kwanza ni baiti 128 tu. Yakisomwa vibaya, king'amuzi huweza kutuma picha ambayo projekta haiwezi kuionyesha. Kwa hiyo washa projekta kwanza, ngoja taa ikolee, ndipo uwashe king'amuzi.

Kisha huja swali gumu zaidi: je, projekta hii ina kibali? Vipindi vingi vya kulipia hulindwa kwa mfumo uitwao HDCP, na projekta ya zamani isiyoufahamu hunyimwa picha. Fikiria kibanda umiza, Simba na Yanga wanaingia uwanjani, ukuta mweusi. Fundi hubadilisha waya mara tatu, bure, kwa sababu waya hauna kosa. Kama king'amuzi kina matundu ya AV, tumia la njano: huko hakuna kuulizana kibali. Picha itapoteza ukali, maana njia hiyo kwa mfumo wetu wa PAL hubeba mistari 576 tu, lakini mpira utaonekana.

Njia nyingine ya kuunganisha projekta ni VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987; ina pini 15 na hubeba picha ya analogia bila sauti. HDMI ni ya dijitali. Adapta ya kuziunganisha lazima iwe na saketi ya kutafsiri, na hutafsiri upande mmoja tu: ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ikigeuzwa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea dukani, sawa na kwenye maboksi ya projekta yaliyoandikwa 1080p kwa herufi kubwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba projekta inaipokea picha hiyo, kisha inaipunguza. Dai kuambiwa idadi halisi ya nukta zake. Projekta ya 1024 kwa 768 itaacha mistari myeusi juu na chini ya kila mechi.

Sauti nayo hufuata HDMI hadi kwenye spika ndogo ya projekta, isiyotosha hata sebule. Iachie HDMI picha. Sauti ichukue kwenye matundu mekundu na meupe ya king'amuzi, uipeleke kwenye amplifaya.