Mtoto amwagaye uji yumo masomoni

Wazazi wengi, na hata baadhi yetu walimu wa chekechea, huamini kuwa mtoto mwenye adabu ni yule amalizaye chakula bila kudondosha hata chembe. Kwa imani hiyo, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hunyang'anywa kijiko, mikono yake ikashikwa, na uji ukamiminwa kinywani mwake mpaka bakuli likawa tupu. Sakafu husalia safi. Lakini je, mtoto amejifunza nini? Nauliza kwa sababu matokeo ya desturi hiyo tunayapokea sisi walimu.

Tuanze na mwili. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto aanze vyakula vingine, pamoja na maziwa ya mama, atimizapo miezi 6. Karibu na miezi 9 huanza kuokota vitu vidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Akitimiza mwaka huking'ang'ania kijiko, ingawa kiganja hakijapata ustadi wa kukigeuza. Kwa hivyo uji humwagikia kifuani. Huo si ukaidi. Mtoto ajifunzaye kutembea huanguka mara nyingi, na sijamwona mzazi mwenye akili timamu akimchapa kwa sababu ameanguka.

Akili nayo imo katika kazi hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu watoto wa miezi 16 waliopewa vitu visivyo na umbo maalumu, vingi vikiwa vyakula na vinywaji, kisha wakatajiwa majina yake. Waliovishika, kuvibonyeza na kuvionja zaidi ndio waliovitambua vyema. Uji na ndengu havina umbo kama kikombe. Mtoto huvijua kwa kuvigusa. Tena, vidole viokotavyo maharagwe leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho.

Najua nitaambiwa kwamba unga haudondoki kutoka mbinguni, na kwamba nyumba ya chumba kimoja haina nafasi ya kutapakaza chakula. Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana sisemi mtoto aachiwe sufuria. Mpe vijiko viwili vya chakula kwa wakati mmoja, umwongeze amalizapo. Tumia bakuli zito lisilopinduka upesi. Tandika gazeti kuukuu au kipande cha nailoni chini yake. Uwe na kijiko chako na yeye awe na chake, ili ajaribu huku akishiba. Mnawishe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, kwani mikono ndiyo sahani yake ya pili. Usimwache peke yake wala usimpe njugu nzima, maana zaweza kumpalia.

Hata hivyo, kuna mpaka. Mtoto aanzapo kurusha tonge ukutani huku akicheka, mara nyingi ameshashiba. Hapo ondoa chakula bila kelele, kisha mpe kitambaa asaidie kupangusa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki; lakini uji huzoleka, na mtoto aweza kufunzwa kuuzoa.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kulisha kwa nguvu. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hii vyema: mzazi aamue chakula gani kitaliwa, wakati gani na wapi, mtoto aamue atakula kiasi gani. Mtoto abanwaye pua ili ameze huweza kupaliwa, na huanza kukiogopa chakula chenyewe. Ikiwa anapungua uzito, dawa ni kumpeleka kliniki, si kumkaba.

Walimu wenzangu, mtoto aliyelishwa hivyo huingia darasa la kwanza la chekechea akiwa na miaka 4, akaketi mbele ya chakula chake akingoja mkono wa mtu. Mwalimu mmoja mwenye watoto 40 hawezi kuwalisha wote. Tusimkemee mtoto huyo wala kumchapa. Adhabu ya viboko ilikwisha kupigwa marufuku, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema hivyo waziwazi. Tumpe kijiko na muda, tukazungumze na mzazi wake.

Nanyi wanafunzi, ambao jioni huachiwa wadogo zenu mwalishe kabla hamjafungua vitabu, najua haraka mliyo nayo. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi. Dakika kumi za kupangusa sakafu leo ni nafuu kuliko miaka ya kumlisha mtu mwenye mikono miwili mizima.