Usiku Tuliolala Kambini kwa Kupenda

Juma hili tunawaletea habari ya safari yetu ya mwezi wa saba huku Colorado, Marekani. Tulikuwa watu sita: wamama wawili, yaya wetu mkubwa na watoto watatu. Tulikodi gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo ndani yake. Tukatoka Denver kuelekea milima ya Rocky.

Matata yalianza kabla ya safari. Watoto waliomba tubebe na hema ili walale nje. Yaya akakataa kabisa. "Kambi? Mimi nilikaa Nyarugusu miaka kumi na miwili. Miezi ya kwanza tulilala chini ya turubai, mvua ikituingilia. Leo tulipe pesa ili turudi kambini?"

Hatukuwa na jibu. Watoto hawa walizaliwa huku. Kwao kambi ni mchezo wa likizo. Kwake yeye ni neno lilelile, lakini zito. Mwishowe tukapatana: hema libebwe, yaya alale garini.

Hifadhi ya Rocky Mountain ilianzishwa mwaka 1915. Ndani yake kuna barabara iitwayo Trail Ridge, inayofika mita 3,713 juu ya bahari. Nyiragongo yetu ni mita 3,470! Mlima ule watu walikuwa wakiupanda kwa miguu saa tano hivi. Hapa tulifika juu zaidi tukiwa tumekaa kwenye viti. Lakini hewa ni nyepesi. Yaya aliumwa kichwa, tukashuka polepole huku akinywa maji.

Kesho yake tuliacha gari kambini, tukapanda basi la hifadhi mpaka ziwa Bear. Kutoka hapo tulitembea karibu kilometa tatu mpaka ziwa Emerald, lililo katikati ya miamba. Theluji ilikuwa bado imebaki juu yake, ingawa ni majira ya joto. Tulianza asubuhi sana, kwa sababu mchana radi hupiga mara nyingi juu ya milima ile. Tulikula bugali baridi na sambaza tulizokaanga nyumbani, na mabaki yote tukarudi nayo. Chakula hakiachwi hemani, hata sabuni, maana dubu hufuata harufu.

Usiku wa pili upepo ulivuma, mvua ikanyesha. Mmoja wetu alikuwa hemani na watoto, na wote walikuwa macho. Mara tukasikia mtu nje anakaza kamba. Ni yaya, amejifunika kikwembe kichwani. Alizunguka hema lote, akafunga upya kila fundo, kisha akaingia na kuketi katikati ya watoto.

Mtoto wa miaka tisa akamuuliza, "Mama mkubwa, nani alikufundisha?"

Ndipo akasimulia. Jinsi walivyovuka ziwa Tanganyika usiku. Jinsi mama yake alivyoshika turubai kwa mikono mpaka asubuhi, ili watoto walale pakavu. Sisi wenyewe mengine hatukuwa tumeyasikia, na tumeishi naye miaka mingi. Watoto hawakusema neno. Hakurudi garini usiku ule.

Asubuhi, tukinywa chai, tulimuuliza kama tumemkosea kumleta. Akasema, "Hapana. Kule sikujua siku ya kurudi nyumbani. Hapa ni kesho."

Kwa familia zitakazopenda safari ya namna hii: shikeni nafasi ya kambi mapema, kwa sababu hujaa. Bebeni nguo za baridi hata kama jua linawaka. Jifunzeni kumwaga maji machafu ya gari mahali palipowekwa tu. Na msipande juu kwa haraka. Mwili unahitaji siku moja au mbili kuzoea.

Lakini wamama, hata bila gari-nyumba, hata kwenye mkeka uani, tunawaomba jambo moja. Kaeni na wazee wenu usiku mmoja, simu zikiwa zimezimwa, watoto wakiwa karibu. Watoto wetu wanaweza kuuliza. Mara nyingi ni sisi tusiowapa nafasi.