Anwani za Makazi na Safari ya Barua Hadi Kijijini

Barua ya kuitwa kwenye usaili ikifika kijijini siku mbili baada ya usaili wenyewe, haimsaidii tena aliyeandikiwa. Hali hiyo imewapata wananchi wengi wa vijijini, na chanzo chake kimo katika utaratibu wa anwani uliozoeleka nchini kwa miaka mingi.

Kwa desturi, barua nchini Tanzania hupelekwa kwenye sanduku la posta lililopo mjini. Mwananchi wa kijijini asiye na sanduku lake hutumia la shule, zahanati, kanisa, msikiti au ofisi ya kijiji. Barua hukaa humo hadi apatikane mtu mwenye safari ya mjini, na msimu wa mvua barabara zikiharibika, husubiri zaidi.

Gharama nazo ni kikwazo. Gari la posta hutumia mafuta yaleyale likibeba barua tatu au mia tatu, hivyo mfanyabiashara anayetafuta faida huelekea mijini. Kwa sababu hiyo, Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kuhakikisha huduma za msingi za posta zinapatikana kila mahali kwa bei nafuu. Hapa nchini jukumu hilo linabebwa na Shirika la Posta Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwaka 1994, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Mfumo wa Anwani za Makazi unalenga kufupisha safari hiyo. Operesheni ya kuutekeleza nchi nzima ilizinduliwa jijini Dodoma Februari 8, 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan. Anwani ya makazi ina namba ya nyumba, jina la barabara au kitongoji, na postikodi ya tarakimu tano. Tarakimu mbili za kwanza hutambulisha mkoa, kwa mfano 41 kwa Dodoma na 47 kwa Kigoma. Zote tano kwa pamoja hutambulisha kata. Hivyo barua huweza kuchambuliwa mapema na kuelekezwa kwenye kata husika.

Hata hivyo, namba iliyobandikwa mlangoni haitoshi iwapo mwenye nyumba haifahamu au haiandiki anapojaza fomu. Wananchi wanashauriwa kuijua postikodi ya kata yao, kuandika anwani kamili pamoja na namba ya simu, na kulinda nguzo na vibao vya anwani. Asiyeifahamu anwani yake aulize kwa mtendaji wa kijiji au wa kata.