Nanasi Haliongezeki Utamu Likishakatwa, Fahamu Kabla ya Kununua

Oloipiri, wilayani Ngorongoro, ni nchi ya wafugaji. Nanasi huko linafika kwa gari, tena kutoka mbali. Sasa ukinunua bichi ukaliweka ndani siku nne ukisubiri liive, hela yako imepotea.

Kwa nini? Ndizi huzidi utamu hata ikishakatwa, kwa sababu wanga wake hugeuka sukari. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake inatoka kwenye majani ya mmea, na ukishalikata, njia imefungwa. Litageuka njano na kulainika, lakini sukari haiongezeki. Mkulima, iwe Kiwangwa mkoani Pwani au kwingine, akikata mapema ili livumilie safari, anayeumia ni mlaji wa mwisho.

Na hasara hiyo si ndogo. Mmea huu wenye asili ya Amerika Kusini huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kuzaa tunda moja tu.

Ukifika sokoni, nusa kitako chake. Likinukia utamu, chukua. Likinuka kama pombe, limepitiliza. Lisiponukia kabisa, liache hapohapo.