Pikipiki Yangu, Betri Yao

Mwanabodaboda akiishiwa na mafuta katikati ya barabara, haanzi kusukuma mara moja. Hushuka, humwomba abiria naye ashuke, kisha huilaza pikipiki ubavu hadi usukani ukaribie kugusa lami. Matone yaliyojificha upande wa pili wa tangi huteremka. Anaiinua, anapiga kiki, na mara nyingi safari huendelea hadi kituo cha petroli kilicho karibu. Nimeshushwa hivyo si mara moja kwenye Barabara ya Ngong, nikasimama kando na mkoba wangu kama mtu anayengoja mgonjwa apinduliwe kitandani.

Betri hailazwi ubavu. Hilo nilijifunza jioni moja nilipopanda pikipiki ya stima kutoka Kilimani kwenda Kawangware. Tulipoingia Barabara ya Ngong, skrini ndogo kwenye usukani ilikuwa ikionyesha asilimia 14. Kijana aliyenibeba alikuwa ameiona kabla yangu.

"Mzee, nipe dakika mbili tu nibadilishe betri."

Nikamwambia sina haraka. Tukapita kituo cha kwanza cha kubadilishia betri, kabati refu lenye taa za kijani, limesimama nje ya duka kama friji ya soda. Hakupunguza mwendo. Tukapita cha pili, asilimia 11. Nilipomgusa bega kumwonyesha, alitikisa kichwa bila kugeuka. Vituo hivyo vilikuwa vya kampuni nyingine. Betri za humo haziingii kwenye pikipiki yake, na ya kwake haiingii humo.

Kabati lake lilikuwa mbele, na lilikuwa, msomaji usicheke, ndani ya kituo cha petroli. Aliinua kiti, akachomoa plagi nene, akashika mpini na kuivuta betri kwa mikono miwili, mguu mmoja nyuma, jinsi mtu anavyonyanyua mtungi wa maji wa lita 20. Akaisukuma kwenye tundu tupu la kabati. Simu yake ikalia. Mlango mwingine ukafunguka wenyewe, akatoa betri nyingine na kuitumbukiza chini ya kiti. Asilimia 98. Hatua chache kutoka hapo, jamaa wa pikipiki ya petroli aina ya Boxer alikuwa anatiliwa mafuta ya shilingi mia na hamsini, amefumba jicho moja kuchungulia ndani ya tangi.

Nairobi sasa pikipiki hizi si kioja tena. Ampersand, iliyoanzia Kigali, iko. Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus, inaziunganisha hapahapa. Spiro ilizinduliwa Mombasa Septemba 2023, Rais William Ruto akiwepo. Agosti mwaka huohuo, Uber ilikuwa imeanza kuwapa abiria wa Nairobi nafasi ya kuita bodaboda ya stima kwa simu. Mwanzoni niliyachukulia haya kama mambo ya wafadhili na warsha za hotelini. Nilikosea. Waliozileta barabarani si wapenda miti. Ni vijana wenye hesabu ya kila jioni.

Hebu tuifanye hesabu hiyo. Pikipiki ya petroli ya cc 150 hunywa lita moja kwa kilomita 40 hadi 50 hivi. Anayezunguka kilomita 120 kwa siku anachoma karibu lita tatu. Oktoba 2023, lita ya petroli Nairobi ilipopanda hadi Sh217.36, hizo zilikuwa zaidi ya Sh600 kila siku, kabla mwenyewe hajala hata andazi. Pikipiki ya stima hutumia uniti nne au tano kwa mwendo huohuo. Na Aprili 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti, na Sh8 usiku watu wakiwa wamelala. Kwa bei hiyo, ukiacha kodi na tozo nyingine, umeme wa siku nzima hauzidi Sh80.

Bei hiyo ya usiku ina kisa chake. Takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, hasa Olkaria, Naivasha, na mvuke haujui saa za kulala. Nchi ikizima taa, visima vinaendelea kupumua, na kuna usiku ambao mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Maelfu ya betri zikila stima saa nane za usiku, zinakula kitu ambacho kingepotelea mawinguni juu ya Naivasha. Katika hoja zote za mazingira zinazotolewa kuhusu pikipiki hizi, hiyo ndiyo iliyonishawishi.

Lakini kijana wangu halipi hizo Sh80. Hulipa mara kadhaa ya hapo, kwa sababu ndani ya bei ya kubadilisha betri mna betri yenyewe, kabati, kodi ya mahali na faida ya mwenye mali. Bado ni nafuu kuliko petroli, ndiyo maana yuko hapo. Ila tujue anacholipia. Betri ndiyo kiungo ghali kuliko vyote katika chombo hiki, na kampuni nyingi zimeamua kuibakiza mikononi mwao ili bei ya pikipiki ishuke na kijana aweze kuikopa. Anamiliki magurudumu, kiti, taa na deni. Nguvu ya kuyasogeza yote hayo anakodi. Betri ina laini ya simu ndani yake; wenyewe wanajua iko wapi saa hii, na wakitaka wanaweza kuizima.

Mtu ataniambia kwamba hata Boxer za mkopo hufungwa vifaa vya kuzifuatilia. Kweli. Lakini petroli ikishaingia kwenye tangi ni yako, hata ikiwa ya shilingi hamsini, hata ukiinunua kwenye chupa kando ya barabara ya vumbi. Haijali nembo ya pikipiki.

Hapa Wakenya tuna kumbukumbu yetu wenyewe, na nashangaa haitajwi. Ni ya gesi ya kupikia. Wenye umri wangu wanakumbuka enzi ambazo kila kampuni ilikuwa na mtungi wake na kichwa chake. Ukihama mtaa ukakuta duka lililo karibu linauza gesi ya kampuni nyingine, mtungi wako ulikuwa pambo. Kanuni za mwaka 2009 zikalazimisha valvu ya aina moja, na mitungi ikawa inabadilishwa: unapeleka wa kampuni hii, unarudi na wa ile. Jikoni kukawa na amani. Kisha matapeli wa kujaza gesi vichochoroni wakajipenyeza, kampuni zikalia kwamba mitungi yao inazungushwa na wasiowajua, na kanuni za mwaka 2019 zikaiondoa lazima ile ya kubadilishana. Kwa hiyo najua si jambo la kutamka tu "betri ziwe za aina moja" na likawa. Nani atabeba lawama betri ya huyu ikiungua ndani ya kabati la yule?

Hata hivyo wenzetu wamejaribu. Honda, Kawasaki, Suzuki na Yamaha, mahasimu wa miaka mingi, walikubaliana mwaka 2021 kuhusu vipimo vya pamoja vya betri za kubadilishana nchini Japani. Jirani zetu Rwanda walishika ncha nyingine ya kamba: kuanzia Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya ya petroli kwa kazi ya kubeba abiria Kigali. Sisi bado tunaacha kila kampuni ipande kabati lake, na mjini makabati yanazidi kuota, mawili yakitazamana barabara ile ile.

Kuna mwingine wa kukumbukwa, fundi wa jua kali. Pikipiki ya stima haina kabureta, haina plagi ya cheche, haina klachi, haibadilishwi oili ya injini. Yule mzee wa stage yetu anayefungua kabureta kwa bisbisi na wakati mwingine kwa meno, amebakiwa na breki, matairi na beringi. Yaliyobaki huenda kwa kijana mwenye kompyuta aliyeajiriwa na kampuni.

Kuhusu ukimya wa mashine zenyewe, sitasema mengi. Abiria tunaufurahia, mtu wa miguu aliyezoea kuvuka kwa kusikiliza, hapana. Waendeshaji wengi hupiga honi kwa bidii, na baadhi wamefunga spika, kwa hiyo sijui tumepunguziwa kelele gani.

Tulipofika Kawangware nilimlipa kijana wangu nikamuuliza anaionaje. Alisema hawezi kurudi kwenye petroli, sasa jioni anabaki na kitu. Nikamuuliza Krismasi huwa anaenda nayo kwao Kisii? Akacheka. Huiacha kwa jirani, imefunikwa turubai, naye hupanda basi. Kijijini kwao hakuna kabati la kampuni yake. Akitaka kumpeleka mama yake sokoni, huazima Boxer ya kakake, ile inayolazwa ubavu.