SOMO LA REDIO: KONDOO MWENYE NJAA NA INI LAKE

Fungueni ukurasa huu, tusome pamoja polepole.

Bila shaka umepata kumwona mwana-kondoo wa kiangazi. Ana miezi sita, lakini ukimtazama wadhani ana mitatu. Mwenyewe husema, "Huyu hana mbegu nzuri," akamwuza kwa bei ya kutupa. Huenda amepata hasara bure.

Chini ya ubongo wa kondoo kuna tezi ndogo itoayo homoni ya ukuaji. Homoni ni kama tarishi: huchukua habari katika damu kutoka kiungo kimoja mpaka kingine. Je, kondoo asiyekua amekosa homoni hiyo? Wataalamu walipopima damu ya kondoo wenye njaa waliona kinyume chake. Homoni ilikuwa nyingi kuliko ya kondoo walioshiba!

Basi mbona hakui? Hapa sikiliza vizuri. Mwaka 1957 huko Marekani, Salmon na Daughaday walitia homoni hii katika gegedu ya panya, yaani ule mfupa laini. Haikufanya kazi kubwa. Walipotia majimaji ya damu ya panya mwenye afya, gegedu ikaitika. Wakajua yuko mjumbe wa pili. Leo huitwa IGF-1, na sehemu kubwa ya IGF-1 iliyomo katika damu hutoka kwenye ini.

Ini limejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli ina vipokezi, navyo ni kama milango ya kumpokea tarishi. Chakula kikipungua, hasa protini, insulini pia hupungua katika damu. Milango ya ini huwa michache, na hata ndani ya seli agizo halifuatwi sawasawa. Tarishi anabisha hodi, hodi, na wa kumwitika hakuna! Mjumbe wa pili ndiye aiambiaye tezi, "Yatosha." Naye akiwa haba, tezi huzidi kutuma matarishi.

Usidhani mwili umepumbaa. Kukua ni gharama, na mwili wenye njaa huahirisha ujenzi. Homoni ile nyingi husaidia kuyeyusha mafuta yatumike; hiyo ni sababu mojawapo ya mkia wa kondoo wetu kunywea wakati wa ukame.

Kwa hiyo kumchoma sindano ya homoni kondoo mwenye njaa hakuna faida kubwa. Mpe majani mabichi na mashudu ya pamba kidogo, ukiongeza siku hata siku, maana tumbo lililozoea kidogo hudhurika kwa wingi wa ghafula. (Na minyoo je? Mwulize Bwana Mifugo, kwani nayo hula protini ile ile.) Akishiba, ini huanza kuitika tena.

Kazi ya nyumbani: pima mwana-kondoo mmoja kila wiki, uandike uzito wake na chakula alichokula. Lete daftari darasani.